Elfu 60 za kuambiwa "fungua pazia"

Mteja wetu mmoja wa mbegu, wa Usa River, alinipigia simu juzi akiwa amefura. Alilipa elfu 60 nikamkagulie kitalu nyumba chake cha nyanya, nikamwambia atoe majiko na afungue mapazia asubuhi. "Hela yote hiyo ya kuniambia nifungue pazia?" Si wa kwanza, ndiyo maana naandika.

Alikuwa ameona video za Uholanzi, vitalu vya vioo vinaongezewa hewa ukaa, ile ambayo mmea hupikia chakula, mpaka 1,000 ppm (yaani sehemu 1,000 katika kila sehemu milioni za hewa) na mavuno yanapanda. Ni kweli kabisa. Hewa ya kawaida ina kama 420. Ila wale hewa yao inatoka kwenye boila za gesi safi, inapita kwenye mipira, inapimwa muda wote. Ndugu yetu, ili aipate hewa hiyo, aliwasha majiko mawili ya mkaa. Usiku.

Usiku nyanya hufunga stomata, vile vitundu vya jani vilivyojaa zaidi upande wa chini. Bila mwanga jani halipiki chakula. Mmea wenyewe unaitoa hewa hiyohiyo. Asubuhi mapazia bado yako chini, hewa imejaa ndani, na ikizidi hivyo jani hubana vitundu: linashiba kwa uwazi mdogo, halina sababu ya kumwaga maji. Likitoka jasho kidogo, linakunywa kidogo na kupata joto zaidi. Yeye dripu ya kumwagilia kaiacha vilevile, dakika 20 mara tatu kwa siku. Nilitia kidole kwenye tuta, kikatoka na tope.

Maua yalikuwa yamepukutika, majani yameinama. Hiyo ni ethilini, gesi iliyomo kwenye moshi wa mkaa, lakini lawama ilikuja kwa mbegu zetu. Na mlinzi wake alikuwa analala humohumo! Mkaa kwenye nailoni iliyofungwa unaua mtu, acheni kabisa.

Tena, kitalu kikifungwa juani mimea huila hewa ukaa hadi ikapungua kuliko ya nje. Pazia likipandishwa saa mbili asubuhi, 420 inaingia bure.

Kwenye hiyo elfu 60 kuna bodaboda kutoka Tengeru, kuna kipimo cha hewa ambacho si cha bei ya sokoni, na saa mbili nimeinama kwenye matuta. Mkaa wa wiki tatu hakunitajia bei yake, na maua ya vishada viwili vya kwanza hayarudi.

Jana kapiga tena, kwa upole. Anauliza jioni afunge saa ngapi.