Risala ya Klabu ya Soka ya Wanawake kwa Mgeni Rasmi, Hafla ya Kufunga Msimu, Bagamoyo

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mheshimiwa Diwani, Ndugu Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, viongozi wetu wa dini, walimu, wazazi na walezi, wachezaji, wageni waalikwa, mabibi na mabwana: Assalaam alaykum, Tumsifu Yesu Kristo, Bwana Yesu asifiwe.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujalia uzima na kutufikisha mwisho wa msimu bila mchezaji hata mmoja kupata jeraha kubwa. Tunakushukuru na wewe, Mheshimiwa, kwa kuitikia wito wetu ilhali majukumu yako ni mengi. Ulisema utafika saa nne asubuhi na saa nne umefika, nasi ahadi iliyotimizwa tunaipokea kwa uzito wake.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, klabu yetu ilizaliwa kutokana na jambo lililotokea kwa jirani. Ligi Kuu ya Wanawake Tanzania ilipochezwa kwa mara ya kwanza, msimu wa 2016/17, bingwa hakutoka Dar es Salaam wala Mwanza. Bingwa alikuwa Mlandizi Queens, timu ya mkoa wetu huu wa Pwani, kutoka mji ambao mtu akishika barabara ya Makofia anaufikia bila kuvuka mpaka wa mkoa. Wasichana wetu waliposikia habari hiyo waliuliza kama Mlandizi wameweza, Bagamoyo imepungukiwa na nini. Wazee watano na akina mama wawili wanaokaanga samaki pale sokoni walichanga fedha, mpira ukanunuliwa, mazoezi yakaanza.

Tangu Mlandizi watwae kombe hilo, ubingwa umekuwa ukienda kwa JKT Queens na Simba Queens, na Simba Queens waliuchukua misimu mitatu mfululizo hadi 2022. Mwaka huohuo wa 2022 walicheza nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Afrika kwa wanawake nchini Morocco, na wadogo zao wa Serengeti Girls, timu yetu ya taifa ya wasichana, wakafika robo fainali ya Kombe la Dunia la wasichana chini ya umri wa miaka 17 nchini India, baada ya kuifunga Ufaransa mabao 2 kwa 1. Tunayataja haya kwa sababu binti anayetangazwa redioni leo alianza kucheza mahali fulani, na kwa mabinti wa Bagamoyo mahali hapo ni kiwanja hiki ulichokanyaga asubuhi ya leo.

Kwa upande wa mafanikio, msimu huu klabu yako imeshika nafasi ya tatu kati ya timu sita za wanawake tulizoshindana nazo, nafasi ambayo hatujawahi kuifikia tangu tuanzishwe. Mlinda mlango wetu alimaliza michezo mitatu bila kuruhusu bao. Wachezaji wawili wameitwa kwenye majaribio na klabu ya Ligi Kuu, jambo lililouletea mji huu heshima kubwa, na ingawa majibu bado hayajatoka, benchi la ufundi lina imani kamili nao. Yote haya yamepatikana kwa mipira saba na seti moja ya jezi, inayofuliwa usiku ili ivaliwe asubuhi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mahitaji yetu ni mengi, na wewe ni mwenyeji wa risala kama hizi, unajua huwa yanafuata mfululizo: njumu, jezi, vizuia ugoko, nauli, posho ya mwalimu. Kamati ilikaa siku mbili na ikakubaliana kwamba leo tusiyaombe hayo. Njumu tutaendelea kuazimana, na nauli tutaendelea kuchangishana. Tuna ombi moja tu, nalo ni vyumba vya kubadilishia nguo.

Tunaomba uridhie tulieleze jambo hili kwa urefu, kwa sababu wanaume wengi waliocheza mpira huliona dogo. Mvulana huvua shati mbele ya watu, huvaa jezi, mchezo ukaanza. Binti wa miaka kumi na sita hawezi kufanya hivyo, na sisi wazazi wake hatutaki afanye hivyo. Kwa hiyo kila siku ya mchezo akina mama wanne husimama nyuma ya ule mkorosho wakiwa wameshika khanga kwa pembe zake, na ndani ya khanga hizo wachezaji kumi na wanane hubadilisha nguo kwa zamu huku upepo wa baharini ukivuma. Msimu huu timu mbili za wageni zilikuja zimekwisha kuvaa jezi kutoka kwao, zikaondoka na jasho lao bila kupata hata mahali pa kunawa uso. Kwa mji wa pwani, ambao sifa yake tangu zamani ni kumpokea mgeni, hilo lilitutia aibu.

Lipo na jambo jingine, ambalo akina mama wa kamati wamesisitiza lisomwe bila kufichwa. Binti akiwa katika siku zake hana choo wala maji hapa kiwanjani, hivyo hubaki nyumbani. Mwalimu wetu aliangalia daftari la mahudhurio na kugundua kwamba karibu kila mchezaji hukosa mazoezi siku tatu au nne kila mwezi. Mwanzoni tulidhani ni uvivu, na wapo tuliowakaripia. Tumewaomba radhi.

Wazazi nao wana hoja. Msimu huu tumepoteza wachezaji watano, na mmoja wao alikuwa kiungo tuliyemtegemea sana. Tulipokwenda nyumbani kwao, baba yake alitupokea vizuri, akatupa viti na chai, kisha akatuambia kwamba yeye hakatai mpira, anachokataa ni binti yake kuvuliwa nguo nyuma ya mkorosho. Hatukuwa na jibu la kumpa, na mpaka leo hatunalo.

Mheshimiwa, hata daraja lenyewe tunalolitamani linapita katika vyumba hivi. Kadiri timu inavyopanda, ndivyo uwanja wake unavyokaguliwa, na anayekagua huuliza wachezaji na waamuzi watabadilisha nguo wapi. Msimu huu mchezo wetu mkubwa kuliko yote, ambao kwa zamu ulikuwa wa nyumbani, ulihamishwa kwa sababu hiyo. Tulikodi gari, tukacheza ugenini mchezo uliokuwa wetu, tukafungwa bao 1 kwa 0 dakika za mwisho. Kushindwa tunakukubali. Kinachotuuma ni kwamba mama zao, walioamka alfajiri kuuza samaki ili wawahi kuja kushangilia, hawakuwaona watoto wao wakicheza.

Sasa tunaomba kwa heshima zote tukumbushe historia ya ombi hili. Ni mara ya tatu linasomwa hapa. Mgeni rasmi wa mwaka juzi alilisikiliza, akasimama, akasema jengo litakamilika kabla ya masika. Tulishangilia, na wiki ileile wazazi wakachimba msingi kwa mikono yao, wengine wakitoka kazini jioni na kuchimba kwa mwanga wa tochi, ili vifaa vikifika visikute hakuna kilichofanyika. Masika yalikuja. Mgeni rasmi wa mwaka jana aliuona msingi huo, akaahidi mabati na saruji, akatuachia mipira miwili ambayo tunaishukuru na tunaitumia mpaka leo. Katibu wa klabu amefuatilia ahadi hizo mara saba. Mara nne aliambiwa suala linashughulikiwa, na mara tatu simu haikupokelewa. Tuliulizia pia asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, tukaelezwa, na maelezo yalikuwa sahihi, kwamba fedha ile ni mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu inayopaswa kurejeshwa, nasi hatuna biashara ya kurejeshea.

Hatusemi haya kumlaumu yeyote, kwa kuwa kiongozi ana mengi. Tunasema kwa sababu msingi ule bado upo, hatua chache nyuma ya hema hili. Nondo zimeshika kutu, mvua ikinyesha unajaa maji, na kila binti anayekuja mazoezini hupita pembeni yake.

Wazazi wamekwisha kufyatua matofali 1,200, yamefunikwa kwa turubai nyumbani kwa mweka hazina. Mchanga upo. Fundi ni baba wa mmoja wa wachezaji na amejitolea kujenga bila malipo. Kinachokosekana ni saruji mifuko 90, mabati 48, mbao za kupaulia, milango minne, tangi moja la maji na vifaa vya vyoo vinne. Mchanganuo na bei za maduka ya hapahapa mjini umo katika bahasha utakayokabidhiwa na nahodha, pamoja na nakala za risala mbili zilizotangulia. Humo pia kuna karatasi yenye nafasi tatu: ya kifaa utakachoona unaweza kukitoa, ya tarehe, na ya saini yako. Ukijaza kifaa kimoja tu, tutakishukuru kimoja hicho. Na kama hali hairuhusu, tunakuomba utuambie hivyo leo mbele ya wazazi, ili tujue pa kuanzia kesho. Tutakuheshimu kwa hilo kama tutakavyokuheshimu kwa saruji.

Chakula kimeandaliwa na akina mama. Kabla ya kwenda mezani, tunaomba uongozane na nahodha hadi kwenye msingi, uuone mwenyewe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa niaba ya klabu, naomba kuwasilisha.