Shukrani kwa mzee wa mega, Mwanjelwa

Mzee wangu, shikamoo popote ulipo. Jina lako sikuuliza, ndiyo maana naandika hapa.

Ni yule kijana uliyenikuta duka la vifaa vya umeme Mwanjelwa, Mbeya, nang'ang'ania breka nyingine kwa mkopo. Ndiyo kwanza nilikuwa nimeacha kazi ya kushika ngazi kwa bosi (malipo yake tuyaache) na nyumba ya Uyole ilikuwa kazi yangu ya kwanza mwenyewe. Breka inakata umeme, mvua haikatiki, mama mwenye nyumba keshaanza kuniita tapeli.

Ukasema, "Breka haina kosa, inakuambia kitu. Twende." Tukapanda bajaji. Ulinifanya nichomoe kila kifaa na nitoe taa zote, ndipo ukapiga mega (kile kipimo cha kuona kama ganda la waya linavujisha umeme) ya volti 500, saketi moja moja. Ya soketi za chumbani sindano ikalala kwenye sifuri, yaani hapo ndipo umeme unavuja. Tukapanda darini na tochi: msumari wa fundi dari umetoboa bomba na kuingia kwenye waya wa soketi, ule wa 2.5. Tundu dogo kama la sindano ya charahani!

Hela ulikataa, ukanywa chai tu. Mega ukaniachia wiki nzima, mtu usiyemjua, ukaniagiza nifuatilie leseni ya fundi umeme kule EWURA, mamlaka inayozitoa.

Leseni ninayo, mzee. Na mega yangu pia, ingawa ni ya mtumba. Yule mama ameshanipa kazi ya nyumba ya mdogo wake, Tukuyu.

Ndaga fijo, asante sana, baba.