Malalamiko Kuhusu Safari ya Ndege ya Kukodi Kwenda Lamu kwa Chakula cha Mchana

Nairobi,
Julai 2024

Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Ndege za Kukodi,
Uwanja wa Ndege wa Wilson,
Nairobi.

Kwa Meneja,

KUH: KUCHELEWESHWA KWA SAFARI YA WILSON–MANDA, KUHARIBIKA KWA MLO ULIOKUWA SHABAHA YA SAFARI, NA ADA YA KUSUBIRI ISIYO HALALI

Naandika kulalamika rasmi kuhusu safari ya kwenda na kurudi siku moja ambayo kampuni yenu iliniuzia mimi na jamaa zangu mwanzoni mwa mwezi huu, kwa ndege aina ya Cessna Caravan, kutoka Wilson hadi kiwanja cha Manda kinachohudumia Lamu. Ndege ilitupeleka na kuturudisha salama, na kwa hilo sina neno. Ninacholalamikia ni kwamba mlituuzia chakula cha mchana, mkatupa usafiri peke yake. Kisha mkaniletea ankara ya nyongeza ambayo naikataa yote.

Ili pasiwe na ubishi juu ya kilichouzwa, nakumbusha yaliyomo katika makubaliano yetu, ambayo nakala yake naiambatisha. Ndege ingekuwa yetu siku nzima. Tungeondoka Wilson saa tatu asubuhi; boti iliyolipiwa katika bei hiyohiyo ingetungoja kwenye gati la Manda; meza ingekuwa tayari katika mgahawa tuliouchagua Lamu mjini kuanzia saa sita hadi saa tisa alasiri; na ofisi yenu ndiyo ingekuwa inawasiliana na jiko, pamoja na kulijulisha mabadiliko yoyote ya saa. Sharti hili la mwisho nililiomba mimi mwenyewe, na karani wenu akaliandika kwa mkono wake pembeni mwa karatasi. Nilimweleza pia sababu ya safari: mama yangu mzazi ni mzaliwa wa Lamu, umri umemsogea, na njia ya barabara ya kupitia Mombasa, Malindi na Garsen hadi Mokowe, halafu boti tena, si safari ambayo mgongo wake unaweza kuihimili. Alitamani samaki wa kupaka wa jiko lile, na sisi watoto wake tukachanga.

Huenda katika ofisi ya mauzo samaki wa kupaka akaonekana ni samaki tu, anayeweza kuliwa saa sita au saa tisa bila tofauti. Sivyo. Changu au tewa hununuliwa asubuhi wavuvi wanaporudi, hupasuliwa, hukolezwa ndimu, thomu, tangawizi na pilipili, kisha hubanikwa juu ya makaa polepole. Tui zito lenye ukwaju hupikwa kando hadi likaze, ndipo hupakwa juu ya samaki akiwa bado motoni, akageuzwa, akapakwa tena, mara kadhaa, hadi tui lishike na kuanza kuungua kidogo kingoni. Chakula hiki hutoka motoni kikaenda mezani. Akiachwa juu ya makaa, nyama hukauka na tui hukatika likatoa mafuta. Akiondolewa na kupashwa moto baadaye, huyo si yule tena. Mpishi wa kazi hii hupiga hesabu ya makaa yake kwa saa aliyopewa, na saa aliyopewa huyu ilitoka kwenu.

Marubani wa Marekani wana utani wao wa miaka mingi kuhusu "hambaga ya dola mia moja": mtu anarusha kindege chake hadi mji mwingine, anakula hambaga ya kawaida kabisa katika mgahawa ulio kando ya uwanja wa ndege, anarudi nyumbani, na mafuta ya ndege ndiyo yanayoifanya hambaga hiyo kuwa ghali. Utani huo unafaa kwa mtu anayependa kuruka na kutafuta kisingizio. Sisi hatukuwa na haja ya kuruka. Hakuna hata mmoja wetu ambaye angelipa bei ile ili kuuona Mto Tana kutoka angani, ingawa ni kweli unapendeza. Tulilipa kwa ajili ya saa tatu za kukaa mezani, na thamani yote ya safari ilikuwa humo.

Sasa nieleze yaliyotokea. Tulifika Wilson kabla ya saa mbili na nusu, tukapimwa uzito pamoja na mizigo yetu kama ilivyo desturi ya ndege ndogo, tukaketi. Ilipofika saa tatu tuliambiwa kuna ukungu, tuwe na subira. Mawingu ya chini ya Nairobi mwezi wa Julai nayajua, na kama yangekuwa ndiyo sababu nisingeandika barua hii. Wilson uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na asubuhi za kipupwe mara nyingi anga lake hufungika. Lakini kuanzia saa tatu na robo ndege zilikuwa zinapaa mbele ya macho yetu, zikiwemo Caravan kama ile tuliyoikodi, moja baada ya nyingine. Nilirudi kwenye dawati, nikajibiwa kwamba hali ya hewa ya Lamu ndiyo mbaya. Nilimpigia simu jamaa yetu aliyeko huko, akaniambia kuna jua na upepo wa kusi wa kawaida. Niliporudi mara nyingine nikaambiwa kuna "ukaguzi mdogo wa kiufundi". Sababu tatu kwa asubuhi moja.

Ndege yetu ilitua saa tano na nusu, ikashusha watalii waliokuwa wanatoka Maasai Mara. Hapo ndipo mambo yalipofunguka. Rubani, ambaye naye alikuwa anaonekana wazi kwamba hakupenda kufichaficha, alituambia kwamba alitumwa Mara alfajiri, kwamba abiria wa huko walichelewa kufika kiwanjani, na kwamba yeye hakuwa amearifiwa juu ya makubaliano ya saa tatu. Kwa maneno mengine, ndege niliyoikodi siku nzima mliiuza mara ya pili kwa asubuhi ileile, mkitumaini itawahi kurudi, na ilipochelewa mkawaagiza vijana wa dawati wasingizie hewa.

Tuliondoka saa sita kasoro dakika kumi. Kutoka Wilson hadi Manda ni takriban kilomita 470 kwa mstari ulionyooka, na Caravan huimaliza kwa muda wa saa moja na nusu hivi. Tulitua salama. Gatini hapakuwa na boti. Nahodha aliyepangiwa kutuchukua alitungoja tangu saa nne na nusu, hakupokea simu ya mtu yeyote, akaona wateja hawaji, akaenda zake, simlaumu. Tulipata boti nyingine kwa fedha zetu, baada ya kungoja kwenye jua pamoja na mama, na tulipoketi mezani ilikuwa karibu saa nane na nusu.

Jikoni nako hakuna aliyepiga simu. Bibi mwenye jiko alikuwa amewasha makaa kwa wakati ili samaki wawe tayari saa sita. Aliwasogeza pembeni ya moto, akawafunika, akawarudisha, akawatoa tena, na alipowaleta mezani alikuwa anatuomba radhi kwa kosa lisilo lake. Samaki walikuwa wamekauka hadi kwenye miiba. Tui alikuwa amelipika upya, akatuletea bakulini tujimiminie, kwa sababu hapakuwa na muda tena wa kupaka na kubanika. Mkate wa mofa ulikuwa umepoa na kuwa mgumu. Mama alikula kidogo, akamshukuru mpishi, akasema ameshiba. Hakuwa ameshiba. Saa tisa na dakika kumi tulisimama na kuondoka, kwa kuwa rubani alitutaka tuwe Manda ifikapo saa tisa na nusu.

Hapa nataka nieleweke vizuri. Rubani simlalamikii hata kidogo, na naomba barua hii isitumike kumwandama. Saa za kazi za rubani zina kikomo cha kisheria, na yeye alikuwa kazini tangu kabla ya mapambazuko. Kama angeianza siku yake na safari yetu, tungeweza hata baada ya kuchelewa kidogo kubaki mezani hadi saa kumi na kufika Wilson kabla ya jua kuzama, kwani jua la Nairobi huzama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima. Alipokataa kutuongezea hata nusu saa alifanya lililo sawa, na mimi ningeogopa kupanda ndege ya rubani ambaye angekubali. Lakini sababu ya yeye kufikia ukingo wa saa zake mapema kiasi hicho ni ileile safari ya Mara. Safari hiyo ilitunyang'anya asubuhi, halafu ikatunyang'anya na alasiri.

Baada ya wiki moja nikapokea ankara ya nyongeza ya shilingi 38,000, ikiitwa "ada ya kusubiri ndege Manda". Kifungu mnachokitegemea kinasema ada hiyo hutozwa iwapo abiria watachelewa kurudi kwenye ndege kupita saa iliyopangwa. Saa iliyopangwa ya kuondoka Manda ni saa tisa na nusu, na saa tisa na nusu sote tulikuwa kiwanjani, mifuko mkononi. Ikiwa kuna mtu anayestahili kudai ada ya kusubiri kwa siku ile, nadhani tunafahamiana ni nani. Nilipopiga simu kuulizia, ofisa wenu alinieleza kwa upole kwamba mfumo hutoza wenyewe ndege ikizidisha saa mbili nje ya Wilson, akaniahidi punguzo la asilimia 10 katika safari ijayo endapo nitalipa mapema. Nimelikataa punguzo hilo na nalikataa tena hapa kwa maandishi.

Ninachodai ni hiki. Kwanza, ankara ya shilingi 38,000 ifutwe na nipewe barua inayothibitisha kwamba sidaiwi chochote. Pili, nirudishiwe gharama ya boti tuliyojikodia na bei yote ya chakula, ambayo imetajwa kando katika makubaliano, pamoja na nusu ya bei ya ndege; naomba nusu na si yote kwa sababu nakiri tulisafirishwa, lakini ndege haikuwa yetu siku nzima kama ilivyoandikwa. Tatu, nipewe maelezo ya maandishi, kutoka kwa mtu mwenye mamlaka, kuhusu nani aliyeidhinisha ndege iliyokwisha kukodiwa ipelekwe Mara, na nani aliyeamua tuambiwe ni ukungu. Nne, mumpigie simu bibi mwenye jiko na mumwombe radhi. Hili la nne halina fedha ndani yake, na ndilo ambalo mama anauliza kila mara kama limefanyika.

Katiba ya Kenya, katika Kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya huduma yenye ubora unaofaa, haki ya kupewa taarifa anazohitaji ili anufaike na huduma hiyo, na haki ya fidia kwa hasara inayotokana na kasoro zake. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012 imekuja kuzipa haki hizo nguvu. Kuambiwa uongo kuhusu hali ya hewa kunaigusa haki ya taarifa moja kwa moja, kwa sababu kama tungeambiwa ukweli saa tatu asubuhi, tungempigia mpishi simu wenyewe, naye angechelewesha makaa yake, na sehemu kubwa ya hasara hii isingetokea.

Nasubiri jibu lenu la maandishi ndani ya siku 14 tangu tarehe ya kupokea barua hii. Nisipolipata, au likija likiwa na punguzo lingine la safari ijayo, nitaliwasilisha suala hili kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, na madai ya fedha nitayapeleka katika Mahakama ya Madai Madogo.

Wenu katika kudai haki,

Mteja aliyekodi ndege

Viambatisho: nakala ya makubaliano yenye maandishi ya karani pembeni, risiti ya malipo, risiti ya boti, ankara ya nyongeza.