Mwaka umekwisha, nyumbani wanajua nimebaki

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia saa nane za usiku. Zamu yangu iliisha saa nne, usingizi umegoma, na begi liko wazi katikati ya chumba tangu Jumapili. Nalijaza, nalipima, nalimwaga. Tiketi niliyoshika nafasi inaruhusu mabegi mawili ya kilo 23, lakini sijailipia bado. Nina mpaka Ijumaa.

Nipo Sheffield, kaskazini mwa Uingereza. Ni mji wa vilima, siku ya kwanza nilisema hapa ni Lushoto, ila Lushoto isiyo na mtoto wa kukukimbilia na kikapu cha mapeasi ukishuka kwenye basi. Nilikuja Septemba 2024 kusoma shahada ya uzamili ya afya ya jamii, masomo ya mwaka mmoja. Wiki iliyopita nimekabidhi tasnifu. Wenzangu, Wachina, Wanigeria, Wahindi, walikaa nje ya maktaba wanakumbatiana na kupigana picha. Mimi nilipiga mbili nikawahi basi la kazini.

Nikueleze nilivyofika huku, maana tatizo lilianzia huko. Ada chuo kilinifutia yote. Lakini mwaka ule ili upewe viza ya mwanafunzi wa nje ya London, ilikupasa kuonyesha pauni 9,207 za kujikimu, tena ziwe zimelala benki siku 28 mfululizo. Kwa hesabu ya wakati ule ni zaidi ya shilingi milioni 30. Mshahara wangu wa Tanga ni milioni moja na laki moja mkononi. Akiba yangu ikatoka yote, mama akakopa milioni 4 kwenye kikundi chake cha VICOBA, na mjomba, kaka yake mama, akauza kiwanja chake cha Pongwe.

Siku ananikabidhi zile hela hakusema ni deni, wala hakusema ni zawadi. Alisema, "Wewe nenda ukatufungulie njia." Nilibusu mkono wake nikaitikia. Sikuuliza njia ipi, Shangazi. Nilikuwa naijua. Mjomba ana vijana wawili wamemaliza kidato cha nne, wapo wapo tu barazani.

Nilimwacha binti yangu na mama, kwetu Makorora, Tanga. Alikuwa na miaka mitatu. Baba yake tuliachana zamani, hilo tuliache. Kumbeba nisingeweza hata ningekuwa na hela, kwani tangu Januari 2024 wanafunzi wa uzamili wa kozi kama yangu hawaruhusiwi kuja na watoto wala mume. Nikajipa moyo, mwaka mmoja ni nini? Sasa ana minne. Bibi yake anamwita "mama". Mimi ananiita kwa jina, kama anavyosikia wakubwa wakiniita, na tukizungumza kwenye simu dakika ya tatu ananiaga kwa adabu kama mgeni anayechelewa gari.

Kazi ninayofanya ni ya nyumba ya wazee. Naogesha, nabadilisha nepi, nalisha, nageuza mtu kitandani asipate vidonda. Nalipwa pauni 12.21 kwa saa, kima cha chini cha sheria cha mwaka huu wa 2025, na wakati wa masomo haikuruhusiwa kuzidisha saa 20 kwa wiki. Kazi yenyewe siionei aibu. Yupo bibi mmoja wa miaka 91, ujana wake wote alikuwa kiwandani anasugua visu na uma mpaka ving'ae, ndiyo kazi iliyoupa mji huu jina. Kumbukumbu zimemtoka. Kila zamu ananiuliza kama nina mtoto na ana miaka mingapi. Majuzi nikamjibu, "Mitatu." Nikaenda na beseni mpaka bafuni ndipo nikashtuka kwamba nimemtajia umri niliomwacha nao.

Aibu yangu iko kwenye uongo. Mwezi wa tatu wa kukaa huku, mama aliniuliza nimepata kazi gani. Siku hiyo nilikuwa nimemsindikiza mzee mmoja kliniki, nimevaa sare, nikapiga picha mbele ya hospitali nikamtumia. Sikuandika neno. Akaandika yeye: "Mashallah, daktari wangu." Nikanyamaza. Ile picha imesafishwa studio, imewekwa fremu, iko sebuleni pembeni ya kalenda. Mama anauza vitumbua na mihogo ya nazi, na nasikia wateja wakikaa wanaonyeshwa. Sasa mwenye mtoto daktari Ulaya akitumiwa pauni 150 kwa mwezi, watu wanauliza zinazobaki anampa nani. Hawajui kwamba chumba tu ni pauni 480.

Hapo ndipo mambo yalipozidi kuharibika. Mwezi wa saba nilimweleza mama, kwa mazungumzo tu, kwamba anayemaliza uzamili huku anaweza kuomba viza ya wahitimu akakaa miaka miwili akifanya kazi. Wiki mbili baadaye kwenye harusi ya jirani akatangaza kwamba nimeipata. Mjomba akanipigia usiku uleule, sauti ya furaha ambayo sijaisikia tangu marehemu mkewe aondoke. Akapiga hesabu pale pale: saa 37 na nusu kwa wiki, pauni 458, ni kama milioni moja na nusu, kwa wiki moja! Mshahara wako wa Tanga wa mwezi na chenji juu. Nikamwambia kuna kodi, kuna pango, kuna nauli. Akacheka: "Mwanangu, hata huku pango lipo." Akaongeza kwamba nikishatulia nimtafutie mdogo wangu mmoja mwaliko wa kazi hiyohiyo ya wazee. Mlango huo serikali ya huku imeufunga tarehe 22 Julai, wahudumu wa wazee hawaajiriwi tena kutoka nje. Sikumwambia. Nilishindwa kumvunjia furaha kwenye simu.

Ukweli wa hiyo viza ndio huu. Sijaiomba, na siwezi kuiomba mpaka chuo kiwajulishe uhamiaji kwamba nimefaulu, na matokeo yetu yanatoka katikati ya Novemba. Lazima uwe ndani ya Uingereza unapoomba, kwa hiyo siwezi kwenda Tanga nikatafakari nikaombea huko. Ada yake kwa mwaka huu wa 2025 ni pauni 880, na ya huduma ya afya ni 1,035 kwa kila mwaka, miaka yote miwili unalipa mara moja. Jumla pauni 2,950, karibu milioni 10, na itabidi nizikope. Mtoto hawezi kunifuata, kwa kuwa viza hiyo haipokei mtegemezi ambaye hukuja naye tangu mwanzo. Ikiisha, binti yangu atakuwa na miaka sita, anaanza darasa la kwanza.

Na mwajiri wangu wa Tanga, aliyenipa likizo ya masomo bila malipo, ameandika kwamba nisiporipoti tarehe 3 Novemba nafasi yangu itatangazwa. Tarehe 3, Shangazi. Wiki mbili kabla ya matokeo. Kama mtu amekaa akapanga.

Rafiki yangu Mkenya tunayekaa nyumba moja ananiambia mimi mjinga. Viza ya masomo bado inaishi mpaka mwisho wa Januari, na kozi ikiisha rasmi naruhusiwa kufanya kazi saa zote, basi nibebe maboksi miezi hiyo minne, nilipe VICOBA, nimpe mjomba chochote, ndipo niondoke. Ni maneno ya mtu mwenye akili. Lakini nikifanya hivyo kazi ya Tanga imekwenda, na najijua: Januari nitasema mpaka Machi, na Machi nitakuwa nimeshaiomba ile viza.

Moyo wangu unataka kurudi. Nimeuliza mara nyingi kama ni uvivu au woga wa baridi nyingine, nikaona sivyo. Nilikuja kusoma afya ya jamii kwa sababu ya kazi niliyoiacha kule, na mwaka mzima nimeandika kuhusu zahanati za kwetu nikiwa nimekaa kwenye dirisha la Sheffield. Ila kila nikishika simu nimwambie mama, namwona mjomba amesimama Pongwe anaonyeshwa msingi wa nyumba ya mtu mwingine.

Naomba unisaidie hapa. Zile fedha za mjomba nizihesabu kuwa deni, niende nimwambie "nitakulipa kidogo kidogo kwa mshahara wa Tanga", au nikisema hivyo nitakuwa nimemtukana, kwa kuwa yeye hakukopesha? Na huu uongo wa udaktari nauondoa vipi ukutani? Nipige simu kabla ya kulipia tiketi, nijue wataniombaje nibaki na kama nitaweza kukataa? Au nilipe Ijumaa kimya kimya, nitokee mlangoni Makorora na mabegi yangu mawili, tuanze kuzungumza tukiwa tunatazamana? Mkenya anasema hiyo ya pili ni woga. Mimi naona simu ndiyo iliyonifikisha hapa.

Kuna kitu kimoja tu hakijatoka begini tangu Jumapili. Ni viatu vya mtoto. Nilivinunua Mei, na sina hakika kama bado vitamtosha.

Wako,
Mwenye begi wazi, Sheffield