Wanaosafiri Bila Wazazi: Barua kwa Mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima wa afya. Huku sote hatujambo. Jana hatimaye nilikwenda kwenye ile ardhioevu ya pwani uliyokuwa ukinisihi twende tangu ukiwa mdogo, nami kila mwaka nikikujibu "mwakani". Tulikuwa watu wanane pamoja na kiongozi wetu, na darubini niliyoning'iniza shingoni ilikuwa yako. Niliitoa kabatini bila kukuomba. Nimerudi na mengi, lakini liko moja lililoninyima usingizi, na ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Nianze na saa. Nilikuwa nimejiandaa kuamka alfajiri, maana nilidhani ndege hutazamwa jua likichomoza. Kiongozi, mama mmoja wa makamo anayetembea taratibu sana, alituita tukutane saa nne asubuhi. Akatueleza kwamba ndege wa kwenye tope hawafuati jua, wanafuata maji. Maji yakipwa, tope hutandaa hadi upeo wa macho na ndege hutawanyika humo, ukabaki kuona vitone tu. Yakianza kujaa, huwasogeza hatua kwa hatua kuelekea nchi kavu. Ukijiweka mahali pazuri muda wa saa mbili au tatu kabla ya maji kujaa kabisa, ukatulia, wao ndio watakaokuja kwako. Na jana ilikuwa bamvua, kwa hiyo maji yalipanda juu zaidi ya siku nyingine na ndege wote wakabanwa kwenye ukanda mwembamba mbele ya kibanda chetu. Ningekwenda siku niliyotaka mwenyewe, ningeambulia matope.

Mwanzoni nilikata tamaa. Wote walionekana kitu kimoja: ndege wa rangi ya udongo walioinamisha vichwa. Kiongozi akasema tusihangaike na rangi, kwa sababu msimu huu wa vuli, majani yakipukutika kule kaskazini, wengi wao wanavua manyoya ya msimu wa kuzaliana na kuvaa ya kijivu. Tutazame mdomo na mwendo. Hapo macho yangu yakafunguka, mwanangu. Wenye mdomo mfupi na macho makubwa hukimbia, husimama ghafla, hudonoa, hukimbia tena. Hao huwinda kwa kuona. Kitwitwi wadogo hushona tope kama cherehani, bila kuinua kichwa. Hao huwinda kwa kupapasa. Sululu, mwenye mdomo mrefu uliopinda kuelekea chini, huutumbukiza karibu wote shimoni na kumvuta mnyoo ambaye hakuna mwingine angemfikia. Kila mmoja ana kina chake, ndiyo maana mamia waweza kula uwanja mmoja. Na ncha ya mdomo ule mrefu si mfupa mtupu kama nilivyodhani. Imejaa neva, na baadhi yao waweza kuifungua ncha peke yake ndani ya tope, sehemu nyingine ya mdomo ikiwa imefumba. Nilimtazama mmoja akifanya kazi hiyo mpaka wenzangu wakaniacha nyuma.

Mchana akapita kozi, ndege mwindaji. Simwelezi, maana sikumwona vizuri. Nilichoona ni kundi zima kuinuka kama nguo iliyopeperushwa na upepo, likigeuka kijivu, likigeuka jeupe, kisha kijivu tena, bila hata mmoja kumgonga mwenzake. Kiongozi hakufurahi kama sisi. Alisema kila wanaporushwa hivyo wanachoma mafuta wanayoyahitaji kwa safari, na kwamba kozi ana haki yake, ila mtu anayewakaribia ili apate picha nzuri hana. Tulikaa ndani ya kibanda na kunong'ona.

Sasa nije kwenye lile neno.

Kando ya kidimbwi alisimama ndege mmoja, mbali kidogo na kundi, akila kwa pupa. Kiongozi akamwelekezea darubini kubwa ya miguu mitatu, akaniambia nitazame mgongo. Manyoya yake yalikuwa mapya kabisa, kila unyoya na ukingo mweupe, kama magamba ya samaki yaliyopangwa. Ya wale wakubwa wawili watatu waliobaki yalikuwa yamechakaa na kukatika ncha. "Huyu amezaliwa mwaka huu," akasema, "kule karibu na Aktiki." Nikamuuliza wazazi wake ni wapi kati ya wale. Akanijibu kwamba hawapo. Walishapita wiki kadhaa zilizopita.

Nilifikiri sikusikia vizuri, ikabidi arudie. Kwa aina nyingi za ndege hawa, wakubwa ndio wanaotangulia kusafiri. Kwa baadhi yao mama huondoka kwanza, baba akabaki na vifaranga kwa muda, naye akaondoka. Vifaranga hawalishwi mdomoni. Hujitafutia chakula tangu siku za kwanza baada ya kuanguliwa, na mzazi kazi yake ni kuwakinga na baridi na maadui. Wakishapata mabawa huachwa. Wanakula, wananenepa, kisha siku moja, upepo ukiwa mzuri, wanaruka kuelekea kusini kwenda mahali ambapo hawajapata kupaona, na hakuna aliyewaonyesha njia. Mwelekeo wamezaliwa nao. Jua, nyota na usumaku wa dunia huwasaidia kuushika.

Akatupa mfano. Mwaka 2022, ndege mmoja wa jamii ya sululu, mwenye umri wa miezi mitano hivi, alifungwa kifaa cha kufuatiliwa kwa setilaiti huko Alaska. Alivuka Bahari ya Pasifiki hadi Tasmania, kilomita 13,560, kwa siku 11. Hakutua hata mara moja, kwa sababu ndege wa aina hiyo hawezi kupumzika juu ya maji kama bata. Kabla ya kuruka, chipukizi wa aina hiyo hunenepa hata zaidi ya nusu ya uzito wake ikawa mafuta, na matumbo yake hunywea ili kupunguza mzigo.

Miezi mitano, mwanangu. Nilikaa kwenye benchi la kibanda nikawaza ile siku ulipoondoka, nilivyokuuliza mara ngapi kama umebeba sweta, na jinsi ulivyonijibu kila mara kwa upole. Sikulia. Nilitaka tu ujue kwamba nilikuwaza, na kwamba tangu jana wasiwasi wangu umepungua kwa kiasi ambacho sikukitarajia.

Lakini kuna kinachoniuma. Kinda yule anajua mwelekeo. Hajui kama matope yaliyowalisha wazazi wake njiani bado yapo. Katika Bahari ya Manjano, kati ya China na Korea, sehemu kubwa ya tope la pwani imefukiwa kwa ajili ya viwanda, bandari na mashamba, na ndege waliolitegemea wamepungua sana. Kulikuwa na aina moja ya sululu, mwenye mdomo mwembamba, aliyekuwa akikaa majira ya baridi kando ya Bahari ya Kati (Mediterania). Mara ya mwisho alipoonekana kwa uhakika ilikuwa mwaka 1995, Merja Zerga, ardhioevu ya pwani ya Morocco, na mwaka 2025 alitangazwa kuwa ametoweka duniani. Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhioevu ulikwishatiwa saini tangu 1971. Ulikuwepo, na ndege yule akaisha hivyo hivyo. Kiongozi aliyasema haya akiwa anafunga miguu ya darubini yake, bila kututazama.

Tuliondoka maji yakianza kupwa tena. Wale wakubwa waliinuka wakaifuata tope iliyokuwa ikifunuka, wakiitana. Kinda hakuinuka. Alikuwa bado anakula palepale kidimbwini, na kiongozi alisema hiyo ni dalili nzuri, bado hajashiba vya kutosha kusafiri.

Nimekuwekea daftari langu la jana ndani ya bahasha hii. Michoro ni mibaya, lakini midomo nimeichora kwa uangalifu. Darubini yako nimeifuta chumvi na kuirudisha kwenye mkoba wake. Ukipata likizo niambie tarehe mapema, nitafute kwanza jedwali la maji, ndipo tupange siku.

Nakupenda,
Mama yako