Msing'oe mche kabla hamjaujua

Kwa Mhariri,

Mwezi uliopita nilienda msibani kwetu Vihiga nikakaa wiki mbili, kurudi hapa Lanet napata shamba langu la nyuma ya nyumba limepigwa jembe limebaki udongo mtupu. Kijana niliyemwachia kazi hana kosa, mimi ndio nilimwambia asafishe na akasafisha kweli kweli. Ilienda managu (mnavu) iliyokuwa imejiotea kando ya tenki, ikaenda saget (mgagani) iliyokuwa inaanza tu kufungua vidole, mipapai minne iliyokuwa imenifika magotini pale kwa shimo la taka, na boga moja ambalo hata sijui lilitoka kwa mbegu gani lakini lilikuwa limetambaa mpaka kwa ua na lishaanza kutoa maua. Yote iko kwa rundo moja, imekauka.

Nimelala na hio kitu kwa roho siku kadhaa ndio nikaamua niandike, manake hii si ya yule kijana wala si yangu peke yangu. Sisi watu wa mjini, na hata huko mashambani siku hizi, tunapenda boma jeupe. Mgeni akiingia apate pamefagiliwa, hakuna jani. Halafu Jumamosi inafika tunaenda barabarani kununua miche. Mimi mwaka jana nilinunua mipapai sita kwa nasari moja, shilingi hamsini kila mmoja, nikaambiwa yote ni ya kuzaa, nikaimwagilia maji ya mtungi kiangazi chote na ilipotoa maua, minne ikawa ya kiume. Na wakati huo huo nyuma ya choo kuna mpapai ulijiotea bila mtu, haujawahi onja maji ya mtungi, unazaa hadi leo!

Mamangu hakuwahi nunua mbegu ya mboga maishani mwake. Mito yake, ile mboga ya kienyeji, ilikuwa inakaa katikati ya mahindi na kila msimu aliacha mimea mitatu minne bila kuichuma, anaiacha ikomae hadi maganda yakauke, na wewe ukipita ukiigusa unasikia mbegu zinalia ndani kama kayamba. Hapo ndio alikuwa anasema sasa iachwe ijimwage. Mvua ya Machi ikija unapata kamechipuka kila mahali, kale kengine anakahamisha kwa mstari, kengine anakaacha pale pale, na kwa kuwa mito ni jamii ya maharagwe inarudisha rutuba kwa udongo, mahindi yaliyokuwa karibu nayo yalikuwa mazuri. Tsimboka, yaani terere (mchicha), hivyo hivyo, lisutsa, yaani managu, hivyo hivyo. Jirani zetu Waluo wanaita hio lisutsa osuga, Wakisii wana chinsaga yao ambayo Wakalenjin wanaita saget na Waluo dek, majina ni mengi lakini kazi ilikuwa moja: unajua mtoto wa mboga akiwa bado mdogo kabisa, unampitia na jembe pembeni.

Watu wengi wanafikiri kitu kikijiotea ni bahati, na si bahati. Mnavu ukiiva ndege wanakula zile tunda nyeusi wanaenda kudondosha mbegu huko wanakolala, ndio maana utaipata chini ya ua na chini ya waya za stima. Terere moja ukiiacha ikakomaa inamwaga mbegu maelfu kwa maelfu, ndogo ndogo nyeusi zinang'aa, na hizo mbegu zikiwa chini sana haziamki, zinangoja mpaka jembe lizilete juu zipate mwanga na unyevu. Kwa hivyo ukilima halafu mvua inyeshe, kile unachoona baada ya siku tano si magugu mapya, ni akiba iliyokuwa imelala hapo. Saget ndio ina siri kubwa kuliko zote. Mbegu yake ikiwa mbichi, imetoka tu kuvunwa, ni mvivu kuota, inataka kukaa miezi kadhaa kwanza. Nimeona watu wakinunua paketi wakapanda ikakataa wakalaumu udongo, na ile iliyojimwaga yenyewe msimu uliopita inatoka kwa wingi kando ya njia kwa sababu imekaa muda wake wote ikangoja. Sasa wewe unang'oa ile ya njiani ndio upande ya paketi.

Shida yetu kubwa nafikiri ni hatuwajui hawa watoto wa mboga wakiwa wadogo. Kila mtu anajua managu kwa fungu sokoni, pale Luanda ama Kibuye, lakini uliza mtu akuonyeshe managu ya wiki moja. Hawezi. Mimi nilijifunza kwa kuinama tu na kuangalia kila asubuhi kwa hivyo wacha niandike ninavyojua. Terere inatoka na majani mawili membamba marefu, ukigeuza chini mara nyingi utaona wekundu wekundu, na jani halisi la kwanza huwa limebonyea kidogo kwa ncha kama limeumwa. Saget mwanzo inakudanganya, lakini ngoja majani halisi, yanagawanyika kama vidole, matatu halafu matano, na shina lina vinyweleo vinavyonata kidogo ukishika, harufu yake pia inajulikana. Boga halifichiki, majani mawili mazito mviringo na mara nyingi bado limevaa ganda la mbegu kichwani. Mpapai ukiukata unatoa utomvu mweupe na jani linaanza kuwa na pembe pembe mapema. Nyanya finya jani unuse, basi. Avokado huwa inatoka na kamti kekundu kekundu na ukifukua kidogo unapata kokwa imepasuka katikati.

Managu ndio inataka uangalifu, na hii naomba msomaji asipitie haraka. Kuna datura, ile yenye maua meupe marefu kama tarumbeta na matunda ya miiba, nayo inapenda pale pale managu inapenda, kwa samadi na kwa udongo uliochimbwa. Ikiwa ndogo majani yake si mbali sana na ya managu na ya terere, na ni sumu, majani ni sumu na mbegu ni sumu zaidi. Mimi mwenyewe nusura niichume pamoja na mboga siku moja jioni giza likiingia, kilichoniokoa ni harufu, inanuka vibaya ukiivunja. Kwa hivyo nikisema uache kitu kijiotee simaanishi ule kitu hukijui. Iache ikue kidogo, ikitoa ua utaijua, managu ina viua vidogo vyeupe vina katikati ya manjano vinaning'inia pamoja kama kishada. Na boga la kujiotea nalo likipikwa likiwa chungu, tema umwage sufuria yote, kwa sababu maboga na jamaa zake huzaana ovyo shambani na mtoto anaweza rudisha ule uchungu wa porini ambao unaumiza tumbo vibaya.

Hapo kwa kuzaana ndio watu hunishika wakiniambia sasa mama si umejijibu, mche wa kujiotea haufanani na mamake, ya nini kuuweka? Ni kweli. Ukila avokado ya Hass tamu ukatupa kokwa kwa taka, utakaoota hautakuwa Hass, maua yamechanganywa na nyuki na hujui baba. Unaweza ngoja miaka saba na zaidi upate tunda la maji maji. Lakini hio Hass yenyewe ambayo leo watu wa Murang'a wanauza ng'ambo ilitoka wapi? Ilikuwa mche wa kokwa tu. Rudolph Hass alikuwa anabeba barua kule California, Marekani, akapanda kokwa miaka ya 1920 akitaka mashina ya kugrafti, yaani kuunganishia kijiti cha aina nyingine iliyokuwa inapendwa wakati huo, inaitwa Fuerte. Mche mmoja ukakataa graft, ukajaribiwa tena ukakataa tena, akataka kuukata, akashauriwa auwache. Ulipozaa, watoto wa Rudolph wakapenda tunda lake kuliko hio Fuerte. Mwaka wa 1935 akauandikisha kwa jina lake, na ule mti wa kwanza uliishi mpaka 2002 ulipokufa na ugonjwa wa kuoza mizizi. Kila Hass duniani imetoka kwa ule mti mmoja uliokuwa karibu kukatwa.

Sisemi kila avokado ya shimo la taka itakuwa hivyo, nyingi hazitakuwa. Ninachosema ni kwamba hata ukiwa hutaki kungoja miaka saba, ule mche ni shina tayari. Mimi nilikuwa na mmoja ulijiotea karibu na jiko la nje, nikaungoja ukawa mnene kama penseli, nikaita fundi akaja na kijiti cha Hass akakifunga na nailoni, nikamlipa kitu kidogo, na mwaka wa tatu nilichuma. Mizizi ni ya huyo wa bure, imezoea udongo wangu na haijui safari.

Mpapai nao, kwa wale wanaouliza, usiuhukumu ukiwa mdogo kwa sababu hakuna anayeweza kuona jinsia kwa majani, na anayekuambia nasari kwamba anajua anakudanganya. Waache watatu ama wanne pamoja, wapatie nafasi. Wakitoa maua ndio uangalie: wa kiume maua yake yananing'inia kwa vikonyo virefu vyenye matawi, wa kike ua moja moja nene limekaa karibu na shina, halafu kuna wale wenye yote mawili wanaotoa tunda refu. Wa kiume acha mmoja wa kuchavusha, wengine toa. Ukitaka kuhamisha hamisha ukiwa na urefu wa kidole tu, jioni, na bonge la udongo wake, manake mzizi wake mkuu ukivunjika utakaa umenuna hadi ufe.

Kuna zile ambazo hata mimi naondoa bila huruma na lazima niseme ukweli. Nyanya zilizojiotea mahali nyanya zilikuwa msimu uliopita, hizo ndio hulinda mnyauko na ule mdudu wa nyanya anayeitwa Tuta absoluta aliyeonekana kwetu Kenya mwaka wa 2014, zinampa chakula wakati nyinyi mnafikiri ameisha. Viazi vya kujiotea huko Molo na Njoro ni hivyo hivyo, kiazi kimoja kilichosahaulika kinabeba mnyauko kwa shamba zima. Mahindi pia, tangu ule ugonjwa wa kuua mahindi, MLN, uonekane Bomet 2011 tumeambiwa tusiache mahindi ya kujiotea yaunganishe msimu na msimu. Na mapera kule kwetu Magharibi yakiachiliwa yanameza malisho. Nyanya nitaiacha moja tu ikiwa imeota mbali kabisa, kama ile iliyotoka kwa mfereji wa kuogea.

Sasa Mhariri ombi langu. Kurasa zenu za kilimo nazisoma, mnaonyesha picha nzuri sana za managu iliyofungwa mafungu na mapapai yameiva, mmeandika pia kuhusu Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa chuo cha Jomo Kenyatta ambaye amefanyia mboga zetu za kienyeji utafiti miaka mingi, na nashukuru. Lakini sijawahi ona picha ya managu ikiwa na majani mawili. Tafadhali wekeni, hata robo ya ukurasa kabla mvua haijaanza, managu hapa, datura hapo kando yake, terere, saget, mito, boga, mpapai, kila moja ikiwa na siku kumi na ikiwa na siku ishirini, na majina yake kwa lugha zetu. Mtu aikate abandike kwa mlango wa stoo. Walimu wa somo la kilimo nao badala ya kuambia watoto wang'oe kila kitu kwa ploti ya shule wawaache kwanza kila mtoto achague mche mmoja asioujua aupe wiki tatu aandike umekuwa nini.

Kwangu jana mvua imenyesha. Yule kijana tulienda naye kwa ule udongo mtupu tukainama, na pale penye lile boga kuna kitu kinachungulia kimevaa ganda kichwani. Ameweka vijiti vinne kukizunguka.

Mkulima wa nyuma ya nyumba,
Lanet, Nakuru