Nyimbo tumetunga wawili, jina ni la kaka peke yake

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 38, naishi Magomeni, ni mpiga kinanda wa kwaya. Kaka yangu ni mwandishi wa hadithi na mashairi. Kwa miaka mingi tumetunga nyimbo pamoja: yeye maneno, mimi muziki na sauti zote nne. Lakini juu ya nota, kona ya kulia panapokaa jina la mtunzi, lipo lake tu.

Haikuanza kwa ubaya. Nota za kwanza alizipeleka yeye, akaulizwa nani katunga, akajitaja. Nami nilikuwa mwoga, nikafurahi kusikia zinaimbwa.

Shangazi, huyu si kaka wa kusemwa vibaya. Baba aliona piano kwa mtoto wa kike ni mchezo. Kaka akauza baiskeli yake nilipiwe masomo, mwenyewe akawa anatembea hadi shuleni. Nyumbani hatukuwa na kinanda, akanichorea kwa rula, kwenye karatasi za manila, vibao vyote 88, vyeupe 52 na vyeusi 36. Usiku tulikaa meza moja na kibatari kimoja, mimi napiga karatasi, yeye anaandika. Vidole vyangu vikisita aliinua kichwa: "Umekosea wapi, mdogo wangu?" Nani mwingine amewahi kuusikiliza muziki wangu ukiwa hautoi hata sauti?

Sasa nyimbo zetu 22 zinatolewa kitabu. Wiki iliyopita kaniletea nota nizisahihishe. Nilikesha nazo, na kila ukurasa jina lake. Nilipomgusia akasema, "Mimi na wewe kuna tofauti gani?" Nikanyamaza.

Wanakwaya wenzangu wanasema niende COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kuna Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999. Najua ipo. Lakini nimshtaki aliyeuza baiskeli yake kwa ajili yangu? Mume wangu amejitoa kabisa. Ndugu wakigombana, anasema, chukua jembe ukalime.

Simsahau Fanny Mendelssohn, mpiga piano wa Ujerumani aliyezaliwa 1805. Nyimbo zake sita zilichapwa kwa jina la mdogo wake Felix, na walipendana sana. Mwaka 1842 Malkia Victoria wa Uingereza aliimba wimbo mmojawapo mbele ya Felix, akiusifu, na Felix akakiri kuwa ni wa dada yake. Fanny alichapisha mkusanyo wake wa kwanza wa nyimbo kwa jina lake mwenyewe 1846, akafariki mwaka uliofuata. Mimi nataka hilo tu, Shangazi: kaka aseme mwenyewe, kabla hajaulizwa na mtu.

Kitabu kinakwenda kuchapwa mwisho wa mwezi. Niandike jina langu kwa penseli pembeni ya lake, nimrudishie nota kimya kimya? Au nimkalishe tuzungumze, na Mama awepo? Naogopa nikikosea neno la kwanza hatarudi tena kukaa na mimi meza moja.

Mpiga kinanda,
Magomeni, Dar es Salaam